Waliolowekewa

Watu husema hoteli ile ilikufa, kana kwamba ilishikwa na homa. Mimi husema ilifungwa, na aliyeifunga nilimwona kwa macho yangu. Sitaiacha tofauti hiyo. Ukisema hoteli imekufa, hakuna wa kuulizwa. Ndivyo tulivyojizoesha huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Mahali pa samaki pale Umoja pakageuka duka la dawa, chumba cha chapati cha Buruburu kikawa kanisa lenye spika kubwa kuliko idadi ya waumini, nasi tukasema mambo hubadilika, tukapita. Yamebadilishwa na nani? Kwa swali hilo nilionekana mkorofi nyumbani, na kwa maswali ya aina hiyo wenzangu na mimi tulikuwa tumerudishwa nyumbani, maana chuo kilifungwa baada ya mgomo na kila mmoja akatumwa kwa wazazi wake.

Basi nilikuwa mtaa wa Tena kwa mamangu, sina kazi, sina masomo, na mchana nilikula kwenye hoteli hiyo, kwa Mathe.

Sote tulimwita Mathe, mama, hata wanaume waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke wa Ukambani, mnene, mwenye sauti ya kuitia mbuzi kutoka ng'ambo ya mto, na alipika chakula kimoja tu: muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yakachemshwa pamoja na mbaazi, kisha yakakaangwa kwa vitunguu na dhania. Chumba chake kilikuwa cha mwisho katika safu ya maduka, na mbele palikuwa na baraza la saruji. Ukitaka soda, ulivuka barabara.

Kulikuwa na sheria. Mahindi hayo lazima yalale ndani ya maji, na Mathe hakukubali kuloweka kwa kukisia. Ukimaliza kula, kabla hujatoka, alikuuliza: "Nikulowekee?" Ukiitikia, alichota konzi ya mahindi na mbaazi kidogo mbele yako, akazitia kwenye sufuria ya kesho. Konzi hiyo ilikuwa yako. Usipokuja, siku utakayorudi utakuta sehemu yako imepashwa moto, nawe utaila kwanza, watu wakikutazama, kabla ya kupewa ya siku hiyo. Adhabu hiyo tuliiita kula jana. Dereva mmoja wa lori, mtu wa Ukambani kama Mathe, aliwahi kuapa kwamba gari lilimharibikia Mtito Andei akalala njiani. Mathe alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, akamwekea jana.

"Lakini ni lori, Mathe."

"Mimi sikulowekea lori. Kula."

Nilibishana naye sana juu ya sheria hiyo. Nilimwambia kila hoteli mjini hukadiria wateja, na kwamba kumwaibisha mtu kwa sahani si biashara. Akaniuliza kama walimu wetu chuoni nao hukadiria nani atakuja darasani. Nikasema ndiyo. Akasema basi ndiyo maana wametufungia. Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Lile halikuwa jibu, na mpaka leo naamini sheria yake ilikuwa kali kupita kiasi.

Lakini watu walikuja. Nilimwona mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mtu wa kutoka magharibi, siku yake ya kwanza. Aliitazama sahani, akauliza ugali uko wapi. Akaambiwa haupo. Akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Hii ni chakula ya kuku."

"Basi kula," Mathe akamwambia, "utage."

Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Kufikia mwisho wa mwezi ndiye aliyekuwa akiwafokea wageni waliouliza ugali. Ulikuwa mwaka wa kampeni, na mitaani watu walikuwa wameanza kuulizana kwao ni wapi, kwa ile sauti ya upole inayotisha. Pale kwenye mabenchi ya Mathe sikulisikia swali hilo hata mara moja. Sisemi walikuwa malaika. Walisengenyana kama kawaida, ila kila mtu alijua konzi yake imelala na ya mwenzake ndani ya maji yale yale.

Mwenye nyumba alikitaka chumba. Alitaka baa, na meza ya mchezo wa pool, kwa kuwa baa ya mtaa wa pili ilijaa kila jioni. Alimpa Mathe mpaka mwisho wa mwezi, naye Mathe alikubali, akaanza kutafuta mahali pengine. Mwezi haukufika hata katikati. Asubuhi moja nilikuwa nimetumwa maziwa, nikamkuta Mathe amesimama barazani na kikapu cha vitunguu, mbele ya kufuli jipya.

Hakuwa akilia. Alikuwa akikunja vidole, kimoja kimoja. Dereva. Karani wa Buruburu. Wa sabuni. Yule mchonga vinyago na nduguye. Aliendelea mpaka vidole vikamwishia, akaanza upya.

"Watu wangu wamelowekewa," akasema. "Sufuria iko humo ndani."

Nilimwambia kwamba kisheria huwezi kumfungia mpangaji hivyo kabla ya muda mliopatana, na kwamba anaweza kwenda kortini. Niliyasema kwa hasira na nilikuwa sahihi. Akaniuliza korti huchukua muda gani. Nikasema miezi, pengine mwaka. Akasema mpaka hakimu amalize kuvaa, mahindi yatakuwa yamechacha.

Keateka, mtunzaji wa zile nyumba, akatokea upande wa choo. Alikuwa mtu mzima, mpole, naye pia alikula kwa Mathe kila siku, akikaa karibu na mlango. Alianza kueleza kwamba yeye ametumwa tu, kwamba mwenye nyumba ataleta vitu vyake jioni na hataki kukuta mtu. Mathe alimwacha amalize.

"Jana nilikuuliza nikulowekee. Ulisema nini?"

"Nilisema nilowekee."

"Ulikuwa unajua?"

Yule mtu alizitazama ndala zake. "Nilijua, Mathe."

"Sasa ulikubali kwa nini?"

"Ningekataa, ungeniuliza sababu."

Mathe hakumtukana. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, akangoja. Keateka akatoa ufunguo mfukoni, lakini hakumpa. Alifungua mwenyewe, akasema ni sufuria peke yake, vingine vyote ataulizwa yeye. Tukaibeba, Mathe na mimi, maji yakitumwagikia miguuni. Nyuma yetu kufuli likabanwa tena. Sahani, vijiko, mabenchi, hata mwiko, vikabaki ndani.

Mathe akaweka mawe matatu kando ya baraza, akaazima mwiko kwa muuza duka, akawasha moto kwa mabaki ya mbao. Tatizo ni kwamba muthokoi hauna haraka. Saa ya chakula cha mchana ilipofika mahindi yalikuwa bado magumu kama kokoto. Wakaja, mmoja mmoja, wakakuta moto na kufuli. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na chapati na maharagwe, moto, tayari. Mathe alimwambia kila mtu maneno yale yale: haijaiva, njoo ukitoka kazini, na uje na sahani yako. Wa sabuni aliliangalia lile kufuli, akatema mate kando, akaondoka na njaa yake. Hakuvuka barabara. Wengine walivuka, niliwaona.

Nilimwambia Mathe hawatarudi. Sikusema kwa ubaya; nilikuwa nawaza tu kwa sauti. Kesho hakutakuwa na hoteli, kwa hiyo hakutakuwa na jana ya kumlisha mtu. Sheria yake haikuwa na meno tena. Mtu aliyechoka, aliyekwisha kula chapati, arudi kwa sababu gani?

"Wewe utakula?" akaniuliza.

"Mimi niko hapa hapa."

"Basi chochea moto, wacha maneno."

Chumba alikuwa amekwisha kukipoteza, na alijua. Siku iliyofuata alihamia kwa dada yake huko Kware, akawa anauza mboga, na hakupika tena kwa ajili ya watu. Kilichobaki mkononi mwake alasiri ile ni neno aliloambiwa na watu jana, kwamba awalowekee, na hakuna aliyejua lina uzito gani bila benchi na bila mlango.

Walirudi. Wa sabuni alikuwa wa kwanza, na bakuli la plastiki. Mchonga vinyago na nduguye walileta sahani moja ya bati wakasema watachangia. Dereva hakuwa na kitu, akaja na kifuniko cha sufuria ya mkewe. Karani wa Buruburu alifungua gazeti polepole, akatoa sahani yenye maua na ukingo wa dhahabu, ile ya kabati la vioo ambayo hutolewa mchungaji akija. Waliokuwa wamekula chapati nao walikuwepo, wakijifanya wana njaa. Nilikimbia nyumbani nikachukua sahani ya mamangu bila kuomba.

Keateka alikuja mwishoni, akasimama mbali, mikono mitupu. Wa sabuni akasema huyu ndiye aliyefunga.

"Amelowekewa," Mathe akajibu, akamtilia ndani ya kikombe alichoazima dukani.

Mimi nisingempa. Nilimwambia Mathe hivyo hivyo, na bado nasema hivyo. Lakini sufuria haikuwa yangu.

Tulikuwa tumekaa barazani, migongo ikiegemea ule mlango na ukuta wake, pikapu ilipokata kona. Nyuma ilibeba kaunta ya mbao, meza ya pool iliyofungwa kwa kamba, na vijana wa kuishusha. Mwenye nyumba akapiga honi. Hakuna aliyesogea. Akashuka, akasalimia, maana watu walikuwa wengi, kisha akasema anataka kupita.

"Ngoja tumalize, mzee," wa sabuni akasema.

"Mnamaliza saa ngapi?"

Dereva alinyanyua kifuniko chake akamwonyesha. "Hii haimezwi, mzee wangu. Hii inatafunwa."

Mwenye nyumba akatutazama mmoja mmoja, akamtafuta keateka wake, akamwona ameinamia kikombe. Akarudi akaegemea pikapu. Wale vijana waliokuja kushusha meza waliketi juu yake, miguu ikining'inia, wakinusa. Sahani yangu ilikuwa imebaki na kidogo tu, kiasi cha kuisha kwa kijiko kimoja. Nikakiweka kijiko chini, nikachukua punje moja kwa vidole, nikaanza kuitafuna.