Makofi Darajani

Ka-ka-ka, ka-ka-ka: sauti kavu, ya haraka, kama mtu anayepiga makofi peke yake katika ukumbi mtupu. Ndivyo teksi ya Zaghlul ilivyoingia mtaa wetu wa gereji, hapa Minya, asubuhi ile ya baridi.

Usta Labib, yaani Fundi Labib, alikuwa ameinamia injini nyingine. Hakugeuka.

"Umekuja kuitibu au kuizika?"

"Anayewaimbia maiti kanisani ni wewe," Zaghlul akamjibu. "Utaniambia."

Duka langu la matairi lilitazamana na gereji ya Labib. Hakuwa mtu wa kumbembeleza mteja. Aliwahi kumwambia mjomba wake, mbele ya watu, kwamba injini yake imeuawa na ubahili wa oili, na mjomba akasusa mpaka karamu ya Pasaka. Ndiyo maana watu walimwendea mwisho, baada ya kuwamaliza mafundi wenye maneno matamu.

Kiangazi kilichopita Zaghlul alifiwa na mkewe, Insaf. Alikuwa akimkimbiza hospitali, ng'ambo ya mto, kifua kimembana. Kwenye mpando wa daraja gari ikasita, ikazima. Ikawaka, ikasita tena. Walipofika, Insaf alikuwa ameshatangulia. Matangani, shemeji yake akasema: "Mguu ulimtetemeka. Gari haina kosa." Zaghlul hakubisha. Naye aliamini hivyo.

Baadaye dereva mwenzake alimshauri azungushe distribyuta, moto wa plagi uwahi, ili gari ipate nguvu. Nguvu ikaongezeka kidogo, makofi yakaanza. Tangu hapo kila fundi aliyatibu makofi.

Asubuhi ile Labib akakaa kando ya Zaghlul, mimi nikakaa nyuma, tukaenda darajani.

"Kanyaga."

Zaghlul akakanyaga. Gari ikashusha pumzi, ikasita, kisha ikavuta na makofi yake.

"Mguu wangu huo, Usta. Unaona unavyocheza?"

"Nyamaza. Nimekuja kusikiliza gari, sikuja kukusikiliza wewe."

Wakabadilishana viti. Mguu wa Labib ulikuwa imara kama nguzo, na gari ikasita vilevile.

"Maktuma," akasema. Ndivyo mafundi wa huku wanavyoiita gari iliyobanwa pumzi. Mtu anayemeza kilio huitwa hivyohivyo.

Zaghlul alitazama maji. "Haya, leo ni gari. Siku ile je?"

Labib akageuza gari.

Gerejini Labib akairudisha distribyuta mahali pake. Makofi yakanyamaza, kusita kukabaki. Akafungua kabureta, akatoa kiwambo kidogo cha mpira, kile kinachorusha petroli pale unapokanyaga ghafla. Kilikuwa kimechanika.

"Kimechanika lini?" Zaghlul akauliza. "Usinionee huruma, Labib. Kama ni juzi, sema juzi."

"Lini nilimwonea mtu huruma?"

Nilikuwa nimeleta chai. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Labib akakipeleka kiwambo juani. Akakikunja polepole kati ya vidole viwili. Mpira uliochanika karibuni kingo zake huwa laini, hunyumbuka, hurudi. Hizi hazikunyumbuka. Zilikuwa zimekakamaa, nyeusi, zimeshika utando mkavu wa petroli, mkavu kama kovu lililokomaa. Akazikwaruza kwa ukucha, akaninyooshea mimi nami niguse, kana kwamba anatafuta shahidi. Niligusa. Zilikuwa ngumu kama pembe.

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakiweka kiwambo katika kiganja cha Zaghlul, akamfunga vidole juu yake, na hakuuachia mkono ule.

"Mpasuko huu ni wa zamani," akasema. "Ulikuwepo kiangazi. Ulikuwepo hata kabla."

Zaghlul akakibana kiwambo. Mabega yakamtikisika.

Labib akainama mpaka vipaji vyao vya uso vikakaribia kugusana. Nilisikia kwa sababu tu nilikuwa bado nimeshika sinia, karibu nao.

"Haukuwa mguu wako, ndugu yangu."