Kamba wa Aliyenyamaza

Miaka ile ya Mwingereza, Temeke ilikuwa bado mashamba ya minazi, na ukiyapita unafika kwenye hori lenye mikoko. Mama alipomfuata baba kaburini niliacha shule, nikabaki na wadogo zangu wawili: wa kiume, ambaye mdomo wake haukupumzika, na kitindamimba wetu, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Hapakuwa na mtu wa kunishikia hata mmoja wao. Nikienda kutanda uduvi na kamba, nilikwenda nao.

Kazi ile inataka utulivu. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulishika pembe za kaniki ya marehemu mama, tukaiburuta majini taratibu, kitindamimba akisubiri na kikapu. Ili wasichoke wakaanza kurushiana matope, niliwatungia mchezo: atakayesema kabla kaniki haijainuliwa, kamba wake mkubwa analiwa na mwenzake. Waliupenda mno. Hata chafya walizimeza.

Siku hiyo maji yalishaanza kujaa, nami nikataka tuburute mara ya mwisho. Kimya kabisa. Ghafla mdogo wangu wa kiume akasimama.

"Dada, mbona huyu kafupika?"

"Umesema! Umesema!" kitindamimba akashangilia. "Kamba wako nakula mie!"

Nikageuka. Alikuwa anacheka, na maji niliyoyaacha magotini mwake yalikuwa kiunoni. Tope lilikuwa limemmeza hadi mapajani, naye amenyamaza muda wote huo.

Nilimkimbilia, nami nikazama. Nikajing'oa kwa shida. Nikampitishia kaniki kwapani, ncha zake nikamrushia kaka yake, aliyekwishapanda kwenye mizizi ya mkoko. Kisha nikajilaza majini na kuchimba kando ya mguu wake kwa mikono. Nilichokitoa kilirudi palepale.

Maji yalipofika kifuani akaacha kucheka. "Dada, linanibana." Akaanza kujitupa huku na huku, na kila alipojitupa alizidi kushuka.

"Kikapu!" nikamfokea. "Kiinue juu! Ukikimwaga wote wanarudi baharini."

Akakiinua kwa mikono miwili, akatulia.

"Na yule mkubwa?"

"Wako. Sasa mguu huu, uvute polepole kama unavua kiatu."

"Mie sina viatu."

"Basi kama unavua cha mtu."

"Dada, kaniki inachanika!" kaka yake akalia kutoka kwenye mizizi.

"Usiivute. Ishike tu."

Maji yalimfika kidevuni, akafumba mdomo. Nilikuwa nimeshika kisigino chake, uso wangu umo majini, nikawa siwezi hata kumsemesha. Kisha tope likalegea, mguu ukachomoka, na wa pili ukafuata. Nilimbeba mgongoni mpaka nchi kavu, kikapu bado kiko juu ya kichwa changu, ameking'ang'ania.

Jioni alidai haki yake. "Alisema yeye!"

"Nisingesema ungeliwa na kaa," kaka yake akamjibu.

Yule kamba mkubwa nilimpa aliyesema. Na tangu hapo mchezo niliugeuza: anayenyamaza ndiye anayepoteza. Walipiga kelele hori zima, wakaimba, wakatukanana, na uduvi wakatukimbia. Mara nyingi tulirudi na kikapu chepesi, nami njia nzima nilisikiliza sauti zao mbili nyuma yangu.