Watoto Watatu wa Mwendesha Winchi

Nimemchukia yule karani wa bima kwa miaka mingi, mpaka sura yake naikumbuka vizuri kuliko ya baba yangu. Alivaa abakosti ya kijivu, ile suti isiyo na tai ya wakati wa Zaire, nayo ilimbana tumboni. Ukucha wa kidole chake kidogo aliuacha ukawa mrefu, akawa anafungulia bahasha. Kama bado yuko hai, sina salamu za kumpelekea.

Baba aliendesha winchi bandarini Kalemie. Kila mwezi, kabla mshahara haujafika mkononi mwake, kazini walikuwa wamekwisha kukata fedha ya bima ya maisha. Hakulalamika. Alimwambia mama kwamba siku akianguka yeye, sisi hatutaanguka naye. Na kweli alianguka, asubuhi moja, hata ngazi ya winchi hajaipanda. Moyo ulisimama. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na wadogo zangu wawili, wote wavulana, walikuwa shule ya msingi. Mkataba wa bima ulisema fedha ni za mke wake na watoto wake watatu.

Matanga yalipokwisha, mama na mimi tukaanza kwenda ofisi ya bima. Walitaka cheti cha kifo, tukapeleka. Walitaka cheti cha ndoa, tukapeleka. Kisha dosie, lile jalada la madai yetu, ikapelekwa Lubumbashi, na kwa mwaka mzima kila tulipouliza tuliambiwa iko njiani. Karani alimwita mama "sitwayene", yaani mwananchi, kama serikali ilivyotaka, bila kumtazama usoni. Mama naye alimwita "Papa", kama baba yake, huyo mtu aliyelingana umri na mdogo wake wa mwisho. Kila safari alivaa kitenge chake kizuri. Hilo liliniudhi kuliko kungoja kwenyewe. Nilitaka aende na hasira, na yeye alikwenda na heshima zake zote.

Huku nyumbani mama alikuwa ameanza kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, na wadogo zangu walikuwa wamefukuzwa shule kwa sababu ya minerval, ada ya shule.

Mwishowe ofisi ikataka karatasi za ubatizo za watoto wote. Za wavulana zilikuwa hapa hapa parokiani. Yangu ilikuwa Kongolo, nilikozaliwa. Mama akapeleka ujumbe misheni kwa mkono wa mtu wa treni, na baada ya majuma sita karatasi ikaja, imefungwa ndani ya bahasha yenye gundi. Mama hakujua kusoma. Mimi nilijua, lakini bahasha ilikuwa imeandikiwa ofisi, nikaona si adabu kuifungua. Tukaipeleka hivyo hivyo, sisi wenyewe, kwa miguu yetu.

Karani aliifungua kwa ukucha wake. Akasoma, akafungua dosie, akasoma tena. Nyuma yetu kulikuwa na mstari wa watu saba au wanane.

"Sitwayene, huyu binti si mutoto wa marehemu," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo "njo" ni "ndiyo" na "ndiye". "Baba yake ni muntu mungine. Njo hapa, imeandikwa. Na mama yake pia ni mungine."

"Huyo ni ndugu mukubwa wa mume wangu," mama akajibu. "Alikufa kule Kongolo, na muke wake vilevile. Tulimuchukua mutoto akiwa na miaka miwili."

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeelekeza nyumba yake ilipo. Hivyo ndivyo nilivyopata habari zangu, nimesimama mbele ya meza ya karani nikiwa nimeshika mwavuli wa mama. Yule marehemu wa Kongolo nilimjua. Kila mwezi wa Novemba tulimwombea kanisani kama baba mkubwa. Hakuna aliyenificha kitu. Kwetu mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, hakuna jina lingine la kumwita. Na kwa kuwa kila mtoto wa nyumba yetu alipewa jina la mzee wake wa ukoo, majina yetu hayakuonyesha tofauti yoyote. Baba aliniandikisha kazini kuwa mtoto wake wa kwanza kwa sababu ndivyo nilivyokuwa.

"Basi marehemu alidanganya," karani akasema. "Alitangaza mutoto asiye wake. Asiransi, hii bima, inaweza kukataa dosie yote."

Adanganye baba, aliyewahi kumrudisha mdogo wangu mpaka sokoni kwa ajili ya nyanya moja aliyoiokota kwenye meza ya mama mmoja. Nilitaka kumrukia yule mtu.

Lakini alikwisha kulainisha sauti. Akatoa karatasi nyingine, kalamu na kidau cha wino. "Nataka kukusaidia, sitwayene. Utie kidole hapa, useme huyu si mutoto wenu, watoto njo wawili. Mwezi kesho munalipwa. Kama hapana, dosie inarudi Lubumbashi."

Niliwafikiria wadogo zangu waliokaa nyumbani saa za masomo. Na mama pia nilimkasirikia. Miaka yote hiyo, na maneno haya anayatoa hapa, mbele ya watu wasiotujua. Nikasema kwa sauti, ili mstari mzima usikie.

"Tia kidole, Mama. Kumbe mimi si wenu."

Mama alinizaba kofi. Hakuwa amenipiga kabla ya siku ile, na hakunipiga tena. Kisha akachukua kalamu juu ya meza, akamrudishia karani mkononi.

"Andika wewe, Papa," akamwambia. "Mimi sijui kuandika, lakini watoto wangu nawajua hesabu yao. Ni watatu."

Njiani shavu liliniwaka. Tulipofika kwenye reli nikamuuliza kwa nini hakuniambia kamwe.

"Nikuambie nini?" akasema, akaendelea kutembea.

Dosie ilirudi Lubumbashi, ikakaa miaka mitano. Katika miaka hiyo yule mkubwa wa wadogo zangu aliacha shule moja kwa moja, akaenda kubeba magunia bandarini, chini ya winchi ile ile. Nilipomwona anarudi jioni na mabega yamechubuka nilimlaumu mama kimoyomoyo. Kidole kimoja tu juu ya karatasi, na kijana angekuwa darasani. Sikuthubutu kumwambia, maana nilijua kidole hicho kingenifuta mimi.

Siku moja wakatuita, bila kutueleza nini kimebadilika. Bima ikalipa kwa watoto wote watatu, vile vile kama mkataba ulivyosema, bila kupunguza hata likuta moja, senti ya wakati ule. Wakati baba anakufa, fedha ile ingetosha kujenga nyumba ya mabati. Sasa zaire, fedha ya nchi, ilikuwa imekwisha nguvu. Mama alipita nayo sokoni, akatoka na jozi tatu za viatu vya plastiki, basi.

Mimi nilikuwa nimeolewa, nina mtoto mgongoni. Mama alikuja kwangu kabla ya kupita kwake nyumbani, akanikalisha kwenye kiti, akapiga magoti mwenyewe kunivalisha jozi yangu.

"Wewe njo wa kwanza," akasema.

Vilikuwa vidogo, vilinibana vidole. Nilimwambia vinanitosha.