Kanda ya Pili ya Jenerali

Nyie, acheni niwaambie mimi habari za wifi yangu Atuganile, maana Kiwira kila mtu anazisimulia na wote wanazikosea! Mimi Elina, niliyeolewa na kaka yake, nilikuwa pale mlangoni pa banda la video na beseni langu la maandazi. Niliona kila kitu.

Atuganile kazaliwa Mpuguso, kwenye migomba na chai. Alipomaliza darasa la saba akaenda Tukuyu kulea watoto wa daktari mmoja Mzungu, na huko ndiko Kiingereza kilikomwingia. Si kile cha shule, ni cha "funga mlango" na "mtoto kala nini". Daktari akaondoka, wifi akarudi kuchuma chai, mume akamkimbia, akaenda Chunya kwenye dhahabu. Kilichobaki ni mdomo. Jamani, yule mwanamke anaongea! Akikusimulia alivyonunua chumvi, utaunguza mboga.

Ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ruksa, redio kubwa ruksa, na Erasto, mwuza mbao, akaleta televisheni, deki na jenereta, akafungua banda la video karibu na stendi. Shida ikawa lugha. Watu wanaona midomo ya Wazungu inacheza, hawaambulii kitu. Siku moja Atuganile, aliyekuja kunisaidia kuuza maandazi, akaanza kuwaeleza waliokaa karibu naye. Kufika katikati ya picha, banda zima limemgeukia yeye. Erasto si mjinga. Akampa kipaza sauti.

Picha iliyomtoa ilikuwa ya Jenerali Hamondi, maisha yake tangu utoto. Vita ya wenyewe kwa wenyewe huko ng'ambo kwenye baridi, kaka upande huu, mdogo wake upande ule. Nchi gani, hata leo sijui. Jenerali mwenyewe mzee mrefu, ndevu mpaka kifuani. Atuganile alimpa sauti nzito ya mchungaji wetu, Kiswahili kimechanganyika na Kinyakyusa, watu hoi! Jenerali akivuka mto, banda zima linainua miguu. Wazee wakawa wanashuka milimani, wengine wanasema wamekuja kumwona Jenereta, na sisi tunacheka mpaka machozi.

Ila kanda ilikuwa moja tu, na iliishia Jenerali anapanda farasi kwenda kwenye pambano kubwa. Basi wifi akajimalizia mwenyewe: Jenerali kashinda, kaingia mji mkuu, kachinjiwa ng'ombe. Watu wanatoka wakishangilia kama wameshinda wao.

Halafu Erasto akaipata kanda ya pili Mbeya. Akatangaza ataionyesha Jumapili baada ya ibada. Tena akarudi na mpwa wake Jackson, kijana wa mjini, miwani myeusi, Kiingereza cha sekondari. Erasto akamwambia wifi mbele yangu, "Dada, biashara ni biashara. Jumapili watu wakikuzomea, kipaza sauti anachukua Jackson." Nilitamani kummwagia chai! Kipaza sauti kile ndicho kitu pekee ambacho Atuganile alipewa kwa sababu ya yeye mwenyewe alivyo, na kanda ile alikuwa hajaiona hata kidogo.

Jumapili watu wakajaa mpaka madirishani. Mizinga, moshi, farasi, na wifi anapaa na sauti yake! Kisha mambo yakaharibika. Askari wa Jenerali wakaisha. Jenerali akaingia kwenye nyumba moja, na ndani anamsubiri jenerali wa upande wa pili. Jenerali wetu akavua upanga wake, akauweka mezani.

Mtu akauliza nyuma, "Kashindwa?" Mwingine akadakia, "Wewe si ulisema kashinda?" Miluzi ikaanza. Jackson akainuka, anakuja kanyoosha mkono.

Kwenye kioo yule jenerali mwingine akainama, akasema neno. Atuganile akalisema polepole, "Mugonile." Ile salamu yetu ya kuulizana kama mmelala. Kisha akamjibia Jenerali: "Sijalala, ndugu yangu. Tangu vita ianze sijalala. Watoto wa watu wameisha. Chukua huu upanga, nikalale."

Sidhani Mzungu yule alisema hivyo. Nani alijali! Miluzi ilikatika. Mzee Anyosisye, aliyempoteza mwanawe vita ya Kagera, akamtazama Jackson. "Kaa chini, wewe. Mtu anaongea." Na Jackson akakaa.

Jenerali akarudi kwao, akazeeka akifundisha watoto, hata wa wale aliopigana nao. Akafa. Jeneza likabebwa na askari wa pande zote mbili, na hapo wifi akashindwa kutafsiri. Akalia, tena kile kilio chetu cha msibani, na akina mama wakampokea. Banda zima likalia, na mimi na beseni langu. Picha ilipoisha watu wakatoka wakifuta machozi. Erasto naye akafunga mlango, hakusema kitu. Tukarudi nyumbani, wifi hajui kama ana kazi au hana.

Asubuhi nikasikia hodi. Nafungua, nakutana na mkungu wa ndizi, na nyuma yake akina mama wa Kiwira, khanga kiunoni, mmoja na maziwa, mwingine na maharage. Wamekuja kutoa pole ya Jenerali! Nikafikiri wanatania, nikatazama nyuso zao, nikawatandikia mkeka. Mzee Anyosisye alikuwa ameshakaa uani.

Mwishowe akaja Erasto, kofia mkononi, kashika sukari. Akakaa na wanaume, akanywa chai, akatikisa kichwa kama wenzake. Kisha akamsogelea wifi taratibu.

"Pole sana na msiba, dada," akasema. "Sasa matanga yakiisha, tukutegemee lini kazini?"