Dawa Iliyoliwa na Maji

Maji yalipogeuka na kuwa mekundu kama chai ya rangi, nilifurahi. Nilidhani dawa imeanza kazi. Ilikuwa pakiti ya tatu niliyomwaga katika tangi lile la kioo, na mwenye tangi alijua habari ya pakiti moja tu.

Mwenye tangi alikuwa mama wa Kirangi, mtu mzima, aliyefuga samaki wa mapambo nyuma ya nyumba yake Kizota, Dodoma, na kuwauzia watu wa maofisini, wale wanaopenda kuwa na kitu kinachoogelea pembeni wanaposaini mafaili. Mimi nilikuwa fundi wa vioo, au tuseme nilikuwa namshikia fundi vioo vyake. Kabla ya hapo nilipogoa zabibu Makutupora, nikauza mayai ya kuchemsha pale stesheni ya Zuzu, nikachunga ng'ombe wa watu. Shule niliiacha darasa la sita. Haikunishinda, ila dirisha la darasa letu lilitazama barabara. Kwa yule mama nilikwenda kuziba tangi lililokuwa linavuja, kazi ya nusu siku, nikakaa miezi minne. Sikuwahi kujua kwamba samaki anaweza kumzoea mtu, na jike mmoja wa pale alinizoea. Nikisogea tu, anakuja juu na mdomo wazi.

Alikuwa na rangi ya papai lililoiva na mkia mpana uliomfuata nyuma kama mtandio. Majike wengine walitaga mayai yakageuka meupe na kuoza. Ya huyu peke yake ndiyo yaliyoanguliwa, na samaki wote waliouzwa pale walikuwa watoto wake.

"Huyu akifa," mama aliniambia wiki ya kwanza, "mimi narudi Kondoa kwa kaka yangu, nikalime alizeti yake na kumsikiliza mkewe."

Alilisema kama utani, lakini yeye mwenyewe hakucheka.

Ugonjwa ulianza kwa dume mdogo. Mdomoni alikuwa na utando mweupe kama pamba, na pezi la mgongoni lilikuwa limeliwa ukingoni. Nilidhani ni ukungu, maana nilishauona kwenye majani ya mizabibu. Nikasoma kwenye simu, nikasoma tena, hadi nikaelewa kwamba ukungu unaweza kufanana hivyo lakini huu ulikuwa ugonjwa wa bakteria, na kwamba unakwenda haraka. Kesho yake walikuwa watatu. Mama akaenda duka la dawa za mifugo akarudi na pakiti nne za unga wa njano, antibaiotiki ile ile wanayopewa kuku kwenye maji ya kunywa. Jioni hiyo akapigiwa simu, shangazi yake amefariki Kondoa. Alifunga mzigo wake huku akinielekeza.

"Moja. Nimeuliza, wamesema moja kwa tangi kubwa. Nyingine usizifungue mpaka nirudi."

"Sawa, mama."

Nilimwaga moja. Siku mbili, hakuna kitu. Pamba ilisambaa. Mimi ni mtu ambaye nikisubiri sana miguu inawasha, na kichwa nacho ni hivyo hivyo. Nikawaza kwamba dozi ni ndogo, kwamba kuku mmoja na tangi zima ni vitu viwili tofauti. Nikaongeza ya pili. Mama akapiga simu kutoka msibani.

"Wanaendeleaje?"

"Wapo wapo."

"Umefuata kipimo?"

"Nimefuata."

Siku ya nne nikaweka ya tatu, na maji yakawa mekundu, nami, kama nilivyosema, nikafurahi.

Mama aliporudi, samaki wanne walikuwa wamekufa. Jike alikuwa amejibanza kwenye kona karibu na pampu ya hewa, mkia umechanika, mdomo umepauka, na niliposogea hakuja juu. Mama alisimama mbele ya tangi bila kuvua mtandio wa safari. Alichota maji yale kwenye chupa, akatia samaki mfu mmoja ndani ya kopo la maziwa ya unga, akasema, "Twende."

Mwenye duka la dawa za mifugo alikuwa mzee wa Kigogo, bwana mifugo mstaafu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeleta kitoweo au mgonjwa?"

"Marehemu," mama akasema.

Mzee alifunua kopo, akamgeuza samaki kwa kijiti, akachungulia matamvua anayopumulia. Kisha akainua chupa ya maji kuelekea mlangoni penye mwanga.

"Daktari nani?"

Mama akaninyooshea kidevu.

"Umesomea wapi?"

"Kwenye pakiti, mzee."

"Pakiti imechorwa nini?"

"Kuku."

"Kuku amekufaulisha?" Akaweka chupa mezani. "Uliweka kiasi gani?"

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama mawe ya chumvi ya ng'ombe yaliyopangwa sakafuni.

"Sema," akasema.

"Tatu."

Hakugeuka. Niliona tu mkono wake ukihamisha mkoba kutoka bega moja kwenda jingine. Nilitarajia mzee aniambie kwamba nimewaua kwa sumu. Nilikuwa tayari kwa hilo, maneno ya kujitetea yalishakaa mdomoni.

"Ungeweka hata sita," akasema.

Sikuelewa.

"Birika lenu la chai lina nini ndani?"

"Ukoko," nikasema. "Mweupe. Birika la nani hapa Dodoma halina?"

"Ni chokaa ya kwenye maji. Hii dawa ikikutana na chokaa, chokaa inaikamata. Inakuwamo majini lakini haiingii kwa samaki. Umewapa wagonjwa wako chakula kilichofungwa ndani ya kopo." Akagonga chupa kwa ukucha. "Na wekundu huu ni jua. Tangi liko dirishani?"

"Liko."

"Haipendi mwanga. Inaharibika, inageuka rangi."

Kwa hiyo nilichokifurahia kilikuwa maiti ya dawa. Kwa miaka nimekunywa maji yale, nimeyaogea, nimeyachemsha, nimekwangua ukoko wake kwa kisu, na sikuwahi kuwaza kwamba yana mkono wa kukamata kitu.

Mzee hakuwa amemaliza. "Wachungaji wanakuja hapa kulalamika hivyo hivyo. Wanapewa vidonge vya jamii hii hospitali, wanamezea maziwa. Maziwa nayo yanakamata. Halafu wanasema dawa ni feki."

Hapo ndipo nilipoukumbuka mguu wangu. Nilipokuwa nachunga ng'ombe nilivimba mguu kwa jeraha la mwiba. Niliuziwa vidonge vya rangi mbili, nikavimeza kwa maziwa asubuhi na jioni, kwa heshima kabisa, maana mwenye ng'ombe alinipa maziwa ya kwanza ili nipone. Nililala wiki tatu. Mpaka leo kovu lipo. Mtu aliyeniuzia vidonge vile nimemtukana mikoa mitatu.

Mzee alitueleza la kufanya. Wanaokula, wapewe dawa ndani ya chakula, imekandwa na matone ya mafuta isiyeyuke majini. Asiyekula, kama jike, atengwe kwenye beseni la maji ya mvua, yasiyo na chokaa, gizani, na dawa mpya kila siku kwa siku tano. Ila asihamishwe ghafla. "Amezoea maji mazito. Ukimtupa kwenye mepesi mara moja, atakufa kabla ugonjwa haujamuua. Kikombe kwa kikombe."

Maji ya mvua, na kiangazi kimetukalia. Nikakumbuka mama dobi wa nyumba ya tatu, aliyevuna maji ya bati wakati wa masika na kuyafungia kwenye tangi lenye kufuli, kwa sababu maji ya bomba hayatoi povu na wateja wake ni watu wa mashati meupe. Mama akaenda mwenyewe. Nilimsikia dobi ng'ambo ya ukuta.

"Jirani, samaki wako anataka kuoga maji ya waheshimiwa?"

"Ndoo mbili tu, ndugu yangu."

"Akipona aje anipigie pasi."

Lakini alifungua kufuli.

Nilimhamishia jike kwenye beseni pamoja na maji yake ya tangi, nikakaa chini siku nzima na kikombe cha bati. Natoa kikombe cha maji ya tangi, natia kikombe cha mvua, nangoja, narudia. Sijawahi kukaa mahali pamoja muda mrefu hivyo nikiwa macho. Mama aliketi kwenye kigoda mbele yangu. Kwa muda mrefu nilidhani anamtazama samaki, halafu nikagundua kwamba anautazama mkono wangu. Dawa alipima yeye, kwa kijiko alichopewa na mzee, na beseni akalifunika kwa kanga yeye mwenyewe.

Siku ya pili ya dawa, nikiwa nasafisha sponji ya chujio, alisema, "Ukimaliza hapo, ufunge vitu vyako."

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Mama, jike hata bado hajafa."

"Sikufukuzi kwa ajili ya waliokufa. Wangekufa hata kwa moja, mzee kasema. Nilikupigia simu. Nikiwa nimekaa mkekani na watu wanalia, nilikuuliza, ukanijibu umefuata. Ungesema hawaponi na umeongeza dawa, ningepanda basi siku ile ile."

"Nilitaka uwakute wazima."

"Najua. Ndiyo maana nakuacha umalize sponji."

Nimeondoka sehemu nyingi maishani, zote kwa miguu yangu na kwa saa niliyoitaka mwenyewe. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuondolewa kwa sauti ya chini vile, bila tusi. Nilisimama na sponji mkononi inadondosha maji kwenye viatu vyangu, na kwa mara ya kwanza nilitaka kubaki.

Niliomba kitu kimoja, nije siku ya tano kuona. Alikubali.

Siku ya tano nilikaa mlangoni, kwa sababu hakuniambia niingie. Alifunua kanga upande mmoja. Jike alikuwa amesimama katikati ya maji, mkia umebaki nusu, mdomo umesafika. Mama alidondosha punje moja ya chakula. Ikaelea. Samaki akaitazama muda mrefu, kisha akapanda, akaimeza, akaitema, akaimeza tena.

Mama hakugeuka kunitazama. Alichukua punje ya pili, akaingojea ya kwanza ishuke, akaidondosha.

Nilisema, "Mama, Kondoa huendi."

"Siendi," akasema. "Urudishe mlango ukitoka. Mwanga."

Nikaurudisha.