Nguvu Haina Matabishi

Mutoto wangu wa kike alikuwa anafundisha fizike kwa wanafunzi wakubwa, kule mutaa wa Himbi. Masomo yalipofungwa kwa sababu ya vita, akaanza kufundisha watoto wadogo wa jirani katika kiwanja chetu, wamekaa juu ya mawe meusi ya volkano. (Mawe yale yanachana nguo, nilimuambia, hakusikia.) Mimi niliishia mwaka wa tatu wa primeri. Nilikaa pembeni nachambua maharagi na kumucheka.

«Fizike ya kwantike kwa watoto wa miaka saba? Wafundishe kwanza kufunga viatu!»

«Papa, acha. Hata wewe utaelewa.»

Akachukua kopo letu la kupimia makala, yale makaa ya kupikia. Akasema kwenye vitu vidogo kabisa, vile jicho halivioni, nguvu inatoka kopo zima kwa kopo zima. Moja, ao mawili, ao hakuna. Nusu haiko. Watoto wakapiga kelele: «Na matabishi?» Maana hapa Goma mama wa makala akishajaza kopo, anaongeza vipande viwili juu, vya bure, ndiyo matabishi. Asipoongeza, haurudi kwake.

Mutoto wangu akacheka. «Nguvu haina matabishi!»

Kisha akaingia mambo ya mwangaza, namna unavyotoka. Hapo nikalala. Nasema kweli, nililala.

Malaria ilimuchukua mutoto wangu kabla masomo hayajafunguliwa. Aliniachia binti yake, naye alikuwa kati ya wale watoto. Wengine wamehama na wazazi wao. Kila siku huyo mujukuu ananiuliza, maana mimi babu yake ananiita Koko: «Koko, mama alisemaje juu ya mwangaza?»

Siku moja nilibuni. Nikasema ni kama moto wa makala tu.

Akaniangalia sana. «Nimesahau alivyosema. Lakini hakusema hivyo.»

Juzi tulienda pamoja kununua makala. Mama muuzaji akajaza kopo, akaongeza vipande vyake viwili. Mutoto akavitoa, akavirudisha kwenye gunia.

«Eh! Anakataa matabishi? Muzee, unamufundisha nini huyu?»

«Mama yangu alisema haiko,» mutoto akajibu.

Ningemuambia kwamba mama yake alisema juu ya vitu visivyoonekana, si makala ya sokoni. Hiyo hata mimi niliielewa. Lakini ndiyo sehemu pekee ya somo iliyomubakia, na ile nyingine niliipoteza mimi. Nikabeba kopo.

Makala yaliisha maharagi yakiwa bado magumu. Tuliyatafuna hivyo hivyo.