Sauti ya Mama kwenye Kaseti
Leo muuguzi alipopangusa mkono wangu kwa pamba yenye alkoli, harufu ilinirudisha nyumbani kwetu Saio. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya redio ya kaseti. Koko, mama yake, alikuwa mbali, huko Boga, na watu walikuwa wamemwambia kwamba sisi sote tumekufa. Dereva aliyekubali kumpelekea kaseti yenye sauti ya Mama alikuwa tayari anapiga honi barabarani.

Mama alikuwa amezungumza vizuri, lakini tulipoisikiliza kaseti, sauti ilikwaruza na kuzibika kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Koko atasema haiko miye, ni mtu mwingine," Mama alisema.

Baba alilowesha pamba kwa alkoli, akasugua kichwa cha redio, kile kinachogusa utepe wa kaseti. Pamba ilitoka nyeusi.

"Sema tena, mbiyo!" Baba alimhimiza.

Mama alibonyeza kitufe cha kurekodi. Badala ya kusema, akaimba wimbo ambao Koko alimbembelezea utotoni. Hatukupata nafasi ya kuusikiliza; dereva aliondoka nao.

Siku zikapita bila habari kutoka Boga. Kisha mchana mmoja Koko mwenyewe aliingia, mzigo ungali kichwani, akamshika Mama mashavu.

"Ni weye," alisema. "Ni weye."